Naomba ushauri: kufungua tawi la duka la bei nafuu Kisumu

Ndugu wanachama, salaam. Nina duka la vyombo vya nyumbani vya bei nafuu Makoroboi, Mwanza, na nataka kufungua tawi Kisumu, fremu nimeshapata. Kinachonitia hofu ni habari za Target, kampuni ya Marekani ya maduka ya bei nafuu, iliyofungua maduka Kanada mwaka 2013 na kutangaza kuyafunga yote 133 mwaka 2015, baada ya makosa ya takwimu za bidhaa kwenye kompyuta kuacha rafu tupu, huku wateja wakilalamikia bei. Mimi natumia daftari tu! Nilijaribu kupeleka mabeseni kwa basi, lakini gharama za kuvuka mpaka wa Sirari zilimeza faida yote. Je, mzigo niutoe Mwanza au niununue Nairobi? Na bei za kushindana nizipange vipi?