Gari gani la spoti la mtumba kwa siku za kiwanja hapa Uingereza? Bajeti pauni 4,000

Mdigo_Leicester

Wakuu habari zenu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester. Nimeshikwa na hamu ya kwenda kwenye zile siku ambazo kiwanja cha mbio kinafunguliwa kwa watu wa kawaida: unalipa, asubuhi unapewa maelekezo, unavaa helmeti, unakimbiza gari lako mwenyewe, hakuna mashindano wala kupimiana muda. Mallory Park iko jirani, na Donington nayo si mbali.

Nina pauni 4,000, ndiyo hela yote, hakuna nyingine nyuma yake. Nimeona BMW 330i E46 ya 2003 kwa 3,600, farasi 231, nyeusi, viti vya ngozi, na moyo wangu umeganda hapo. Kuna Mazda RX-8 ya 2006 kwa 1,700. Na kuna Mazda MX-5 ya 2002, ya viti viwili na paa la turubai, injini 1.8, kwa 2,400, ila wenzangu kazini wanasema hilo ni gari la kwendea saluni. Zote ni manyuo, gia unabadilisha mwenyewe. Gari hilohilo litanipeleka na kazini. Nishaurini.

FundiMvita

Ndugu yangu, waache wenzako na maneno yao, chukua MX-5. Mimi ni fundi hapa Coventry, magari ya watu wa viwanja yanapita mikononi mwangu kila wiki wakati wa kiangazi, na najua yanakufa na nini.

Watu wanatazama farasi. Wewe tazama kilo. Hiyo 330i ina kilo 1,450 na zaidi, MX-5 ya mwaka huo haifiki 1,100. Tofauti hiyo ni watu wazima watano wamepanda na hawashuki siku nzima. Kila ukifika mwisho wa njia iliyonyooka ukakanyaga breki, uzito wote ule unageuka joto, na joto linaingia kwenye diski, kwenye pedi, mwisho kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakiwa ya zamani yameshanyonya unyevu, yanachemka, na pedali inazama mpaka sakafuni huku kona inakuja. Gari zito linakufikisha hapo mapema, jepesi linachelewa. Matairi nayo ni hivyohivyo: MX-5 hiyo inavaa 195/50 R15, saizi ya bei ya huruma. Ya BMW utalipia kwa machungu, na utayanunua mara nyingi zaidi.

E46 ni gari zuri, sitalisema vibaya. Lakini kwa umri wake, tangi la plastiki la maji ya rejeta hupasuka, pampu ya maji inataka kubadilishwa, na kule nyuma, pale ekseli inapofungwa kwenye bodi, sakafu yenyewe huchanika. Kuirekebisha ni kulifungua gari nyuma kote na kuchomelea. Ukishatoa 3,600 utabaki na 400. Hizo haziwezi kulipia kazi ile hata nusu.

RX-8 ya 1,700, mimi ningepita mbali. Injini yake ni ya rota, haina pistoni, na sili za kwenye ncha za rota zikilika mgandamizo unashuka. Dalili yake: ikiwa ya moto haitaki kuwaka. Kuipima kunahitaji kipimo maalumu cha injini za rota, si hiki cha fundi wa mtaani. Halafu inakula petroli, na oili inaichoma kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa.

Sasa MX-5. Injini yake haina neno. Ugonjwa wake ni kutu, kwa sababu nchi hii wanamwaga chumvi barabarani kila baridi. Kwa hiyo wewe unanunua bodi, injini ni zawadi. Nenda na tochi, bisibisi na chupa ya maji.

Lala chini upande wa mbele. Utaziona boriti mbili za chuma zinazotoka nyuma ya bampa na kupita chini ya injini. Kwa umbo hili la 1998 hadi 2005 boriti hizo zina matabaka mawili ya bati, maji na chumvi hukaa katikati, kutu inaanzia ndani na wewe nje unaona rangi safi. Zigonge kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na ukikibonyeza kwa kidole gumba unasikia kinakatikakatika ndani. Ukikuta lami nyeusi mpyaa imepakwa chini gari zima, na mwenyewe hana picha za kabla hajapaka, rudi nyumbani.

Kisha njoo kwenye kizingiti cha mlango, mwisho wake, karibu na tairi la nyuma. Paa la turubai lina matundu mawili ya kutolea maji ya mvua, kwenye pembe nyuma ya viti. Mimina maji ya chupa yako kidogokidogo. Yanatakiwa yatoke chini ya gari mbele ya tairi la nyuma mara moja. Yakigoma kutoka, majani yameziba, na kizingiti kimekuwa kikinywa maji miaka yote hiyo.

Kabla hata ya kusafiri, ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, ule ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka. Ni bure. Soma maonyo ya kila mwaka, yote.

Dada_wa_Luton

Fundi kasema kweli kuhusu uzito, lakini kuna gari jepesi lenye paa la chuma ambalo hajalitaja. Mimi ninalo Renault Clio 182 ya 2005. Injini 2.0, farasi 182, kilo elfu moja na mia hivi, viti vya nyuma vipo na mtoto wangu anakaa. Linavuta kwa mbele, na watu wanadharau hilo, lakini ukiingia kona kwa kasi mno unaachia mafuta na pua inarudi kwenye mstari. Tahadhari tu: ukiachia ghafla katikati ya kona ndefu, mkia unaweza kuja, kwa hiyo achia kwa ustaarabu.

Angalia mkanda wa taiming, ule unaofanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake. Ni wa kubadilishwa kila miaka 5 hata kama gari halitembei, na kazi hiyo inahitaji vifaa vyake vya kushikilia kamshafti, kwa hiyo ni mamia ya pauni. Asiye na risiti ya mkanda, mpunguzie bei kwa kiasi hicho au muache.

Na neno moja kwa kaka Mdigo: usinunue exhausti ya kelele. Viwanja vingi hapa vimezungukwa na makazi. Wanapima sauti asubuhi kabla hujaingia, na Bedford Autodrome wana vipimo kandokando ya njia, kikomo desibeli 87.5. Ukizidi unarudishwa, na hela hairudi.

Mdigo_Leicester

Asanteni sana wakuu, dada nawe asante. Familia sina bado, kwa hiyo viti vya nyuma si shida. Nimeingiza namba ya ile MX-5 ya 2,400. 2021 wameandika kutu kizingiti cha kushoto, 2022 kutu tena pande zote mbili, 2023 ikafeli, ikapita siku mbili baadaye. Nimepata nyingine, ya 2003, iko Kettering, 2,900. Mwenye nayo ana picha za vizingiti vilivyokatwa na kuwekwa vipya, na boriti za mbele pia. Imetembea maili nyingi, 118,000. Hiyo 500 ya ziada ina maana? Na bima yangu ya kawaida inanifunika kiwanjani?

FundiMvita

Ya Kettering, bila kuwaza. Iliyofeli kwa kutu ikapita baada ya siku mbili huwa imebandikwa kiraka, na kiraka hakichukui muda. Maili 118,000 kwa injini ile si tatizo kama oili ilibadilishwa. Uliza risiti ya mkanda wa taiming, unatakiwa kila maili 60,000, na gonga boriti vilevile hata kama picha zinapendeza.

Bima nyingi za kawaida hazikufuniki kiwanjani, soma mkataba wako utaona. Kuna bima za siku moja, na kiasi cha kwanza cha hasara unabeba mwenyewe. Uliza pia kama kiwanja kinakudai ukiharibu vizuizi vya chuma.

Itakubakia 1,100. Kwanza bomba la chuma la nyuma ya viti, la kukukinga gari likipinduka. Baadhi ya waandaaji wanalidai kwa gari la wazi, na hata wasipolidai mimi nakudai. Ukilifunga iambie kampuni ya bima. Pili mafuta mapya ya breki na pedi zinazostahimili joto. Tatu matairi kama yaliyopo yamekauka. Inayobaki lipia mwalimu wa pale kiwanjani, nusu saa naye itakupa kasi kuliko kifaa chochote.

Dada_wa_Luton

Naunga mkono mwalimu. Na usianzie Mallory, ukuta uko karibu na ile kona ya Gerards ni ndefu. Anzia Blyton Park kule Lincolnshire, ulikuwa uwanja wa ndege wa kijeshi, ukikosea unaishia kwenye nyasi. Mzunguko wa mwisho zunguka polepole bila kukanyaga breki, na ukitoka ukaegesha gari likiwa la moto usivute breki ya mkono, weka gia.

Mdigo_Leicester

Nimempigia wa Kettering, nakwenda Jumamosi saa nne asubuhi. Bisibisi na tochi ninavyo. Fundi, kama utakuwa na nafasi nitakupigia nikiwa chini ya gari, nikusikilizishe hiyo sauti.

FundiMvita

Piga. Anza upande wa kushoto, ndio unaosuguana na ukingo wa barabara.