Mapile ya kusharje na sharjere ya tutorshi: nichague gani hapa Bukavu?

mukunga_bagira
Jambo bakubwa na bandugu wote. Mi niko mukunga ku santre ya afya huku Bagira, na usiku delestaji ikipiga tunazalisha bamama na torshi ya ku kichwa pamoja na katorshi ka mufukoni. Ile ya ku kichwa inaomba mapile tatu za AAA, ya mufukoni inaomba mbili za AA. Kila wiki tunanunua mapile ya kutupa, makuta inaisha, na zingine zinatoka maji zinaharibu chuma ya ndani.

Sasa nataka kuhamia ku ya kusharje. Ku Kadutu muuzaji alinionesha AA zenye baliandika 4700 mAh na sharjere ya taa moja nyekundu, bei chini kabisa. Ku Nyawera banauza zenye ziko na 2000 tu, na bei iko juu sana! Sielewi, yenye namba kubwa inakuwa namna gani bei ndogo? Mwingine tena ananiambia niache yote ninunue torshi ya litiumu, ile ya pile kubwa yenye banaita 18650. Mujue kwetu umeme inakuja masaa machache, kuko siku inafika usiku wa manane na asubui imeshaenda. Munisaidie na roho yote, mama akitoka damu na taa ikizima hatuna tena namna.

fundi_nyawera
Dada mukunga, aksanti kwa kazi yenye munafanya. Ile 4700 uiache. Namba ile ni miliamperi-saa (mAh), ni kusema nguvu yenye pile inabeba. Pile ya AA ya kusharje, ile ya nikeli, hata ile ya nguvu kabisa, inafikaka 2500 na kitu, haipite sana pale. Yenye baliandika mara mbili ya hiyo ni bongo tupu, zingine nilizipima mi mwenyewe hata 1000 haikufika.

Ile ya 2000 njo ya kweli. Tafuta yenye inatunza nguvu hata ikikaa ku kabati, sawa Eneloop ya Panasonic, benye kuitengeneza banasema kisha miaka 10 bila kutumika inabaki na asilimia 70, na unaweza kuisharje mpaka mara 2100. Kuko na nyeusi yao ya 2500 lakini ile inaenda mara 500 tu, kwa torshi ya kila usiku mi nachukua ile nyeupe ya 2000. AAA yake iko karibu 800, usishangae, ni kadogo.

Lakini sikia muzuri hapa: kama makuta haitoshe, punguza hesabu ya mapile, usipunguze ku sharjere. Ile ya taa nyekundu yenye haizimake njo inaua mapile, haijue kama imejaa, inasukuma tu, pile inapata moto na ndani inakauka. Kuko zingine zinahesabu masaa, tuseme nane, kisha zinakata zenyewe. Fasi umeme haikatike inaweza kuenda, lakini kwetu umeme ikikatika kisha masaa saba ya kusharje na ikirudi, inaanza kuhesabu upya, mapile yenye ilikuwa karibu kujaa inakula tena masaa nane! Delestaji mbili tatu vile na umeshazipika. We tafuta yenye inapima kila pile peke yake, fasi nne taa nne. Pile ya nikeli ikijaa volti yake inaacha kupanda, inashuka kidogo sana, sharjere ya akili inaona ule mushuko inakata. Umeme ikirudi inapima tena, inakuta imejaa, inaacha.

Namna ya kuijua ku duka ni kuuliza kama inasharje pile moja tu, ao tatu. Zile za bei chini zinataka mbili mbili, sasa torshi yako ya ku kichwa ya mapile tatu utaifanya namna gani?

yaya_wa_panzi
Fundi amesema muzuri ila 18650 isitupwe vile. Mi niko nayo, inamulika mbali, pile moja ya volti 3.7 inafanya kazi ya mingi, na unaisharje na waya ya simu. Tu uchunge bongo ya namba huku pia, 18650 yenye baliandika 9800 haiko duniani, nzuri za kawaida ziko kati ya 2500 na 3500. Beba ku mizani ya benye kununua zahabu, ya kweli inapima gramu 45 hivi ao zaidi, ikikuja 30 jua ndani kumejazwa upepo ao vumbi.

mukunga_bagira
Aksanti sana yaya, aksanti fundi. Muuzaji mmoja anasema kuko litiumu yenye urefu sawa na AA, inaingia ku katorshi kangu bila shida na inamulika kupita. Ni kweli? Na hii sharjere ya akili, umeme ya usiku ikikuja tumelala ao tuko na mugonjwa, nani ataangalia?

fundi_nyawera
Inaingia ndiyo, lakini usiiweke! Hiyo inaitwa 14500, iko volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Katorshi kako kalizoea pile mbili za 1.5, jumla volti 3, sasa ukitia mbili za litiumu unakapa volti 8 na kitu, taa inaungua mara moja. Labda torshi iwe imeandikwa yenyewe kama inakubali 14500.

Kwa 18650, yaya wa Panzi ana haki, kwa mutu anatembea usiku ni nzuri. Kwa santre ya afya mi nabakia ku AA na AAA, ju siku mambo yote yamekwisha mutoto anakimbia ku kiosk ya karibu ananunua mapile ya kawaida na munaendelea kuzalisha. 18650 hautaipata ku kiosk saa nane ya usiku.

Kwa umeme, chukua sharjere yenye inakula USB. Acha pawabanki ku prizi usiku wote, hiyo inajikata yenyewe ikijaa, kisha muchana pawabanki inajaza mapile hata kama umeme haiko. Ikiwa inatoa miliamperi 500 kwa kila fasi, AA ya 2000 inaomba masaa ine ao tano, AAA mbili hivi. Plaki ya jua ya simu pia inaweza, lakini wingu ikipita sharjere zingine zinasimama, kwa hiyo pitisha kwanza ku pawabanki.

papa_kadutu
Mama mukunga, mi naongeza ya kuchunga. Nunua seti mbili, moja ku torshi, ingine imejaa ku kabati. Andika A na B na markeri ju ya kila pile, usichanganye A na B hata siku moja, wala mupya na ya zamani, ju yenye imechoka inaisha mbele na zile zingine zinaisukuma kinyume, inakufa. Mwanga ikianza kushuka toa, usingoje izime kabisa. Na mutu asiweke pile ya kutupa ku sharjere, inaweza kupasuka, waambie bote ba santre.

Ile maji ya mapile ya kutupa (alkaline) yenye ilikauka nyeupe ku chuma, weka matone ya ndimu ku pamba, pangusa, kausha muzuri sana mbele ya kuweka mapile mupya. Vaa gan, inachoma ngozi.

mukunga_bagira
Mungu abariki papa. Basi nitachukua AAA sita, AA ine, na sharjere ya fasi nne ya USB. Muuzaji alisema mara ya kwanza lazima isharje masaa 12, ni vile?

fundi_nyawera
Hapana, hiyo ilikuwa ya zamani. Hizi zinatoka ku fabriki ziko na nguvu ndani, tumia siku ileile. Ukienda Nyawera beba torshi zote mbili, ju zingine nyumba ya pile ni nyembamba na pile ya kusharje inaweza kuwa nene kidogo, ijaribu palepale mbele ya kulipa.