Mlipuko ukirudi, wagonjwa wa saratani Kanda ya Ziwa wahudumiwe kwa simu?

Hoja: Ukija mlipuko mwingine kama Uviko-19 mwaka 2020, kliniki za saratani Mwanza zihamie kwenye simu, ili mgonjwa wa Nansio au Geita asibanane kivukoni na kwenye basi kuifuata foleni ya hospitali ya Bugando. Mnasemaje?

Muuguzi wa saratani: Napinga, kama ni kwa wagonjwa wote. Baada ya dripu ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, chembe nyeupe za damu hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo maambukizi huweza kukosa hata usaha, maana chembe zinazoutengeneza ndizo zilizokwisha. Inabaki homa tu, na antibayotiki ya mshipa inatakiwa ndani ya saa moja. Mtu anapiga simu kutoka kisiwa cha Ukara: "Mwili unachemka." Kiasi gani? Kipimajoto hana, na parasetamoli alishameza, homa imejificha.

Mfamasia, Sengerema: Dada, kwa walio kwenye dripu nakuelewa. Ila mama anayemeza tamoksifeni, kidonge cha saratani ya titi, miligramu 20 kwa siku, hali imetulia, anasafirishwa kwa lipi? Apewe dawa za miezi 3, apigiwe kila mwezi. Mguu mmoja umevimba? Pumzi inakata? Damu inatoka ukeni? Vidonge vimebaki vingapi? Hilo la mwisho ahesabu palepale kwenye simu, asikisie. Kulishika titi kusubiri siku ya kliniki.

Tabibu, kituo cha afya: Naongeza vipimo. Damu itolewe hospitali ya wilaya siku moja au mbili kabla ya dripu, picha ya majibu itumwe kliniki. Neutrofili, zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria, zikiwa chini ya 1,000 kwa maikrolita, kwa kawaida dripu huahirishwa, na mgonjwa hajapanda kivuko bure. Kinachoharibu ni picha: jina limekatwa, au tarehe ni ya mzunguko uliopita. Mtumaji aipige karatasi nzima.

Wa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, naye anafaa simu, mradi aulizwe choo alipata lini. Asipopewa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, ataiacha mofini mwenyewe na maumivu yatarudi. Lakini mgongo ukianza kuuma upya na miguu ikalegea, au mkojo ukagoma, maongezi yaishie hapo. Aletwe leo hii.

Mtunza kumbukumbu: Mnasahau simu ni ya nani. Wengi wana kitochi, tena cha mtoto au cha jirani. Neno saratani lisitamkwe kabla hujajua aliyepokea. Na hospitali ndiyo ipige, kwa saa iliyopangwa, vocha isiwe mzigo wa mgonjwa.

Muuguzi wa saratani: Basi masharti yangu. Kila wa dripu aondoke na kipimajoto. Kwapani husoma pungufu, karibu nusu digrii, kwa hiyo 37.5 ya kwapani isidharauliwe. Aondoke pia na barua ya zahanati ya kwao: "Yuko kwenye kemo. Akiwa na homa, antibayotiki ya mshipa kwanza, kisha rufaa." Huku kwetu ziwani kipimo cha malaria kikisoma chanya anapewa mseto na kurudishwa nyumbani, kumbe malaria na maambukizi ya damu yanaweza kuwa pamoja.

Mfamasia, Sengerema: Barua naiunga mkono. Ila zahanati nyingi za visiwani hazilazi. Hiyo sindano ya saa nane usiku atamchoma nani?

Muuguzi wa saratani: Ndiyo maana siku ya 7 hadi ya 14 nataka alale Mwanza, kwa ndugu au hosteli ya wagonjwa, mlipuko uwepo usiwepo.