Refa asimame wapi, na atazame nini, wakati wa mitupo huru?

Mwanagenzi wa Malindi

Assalamu alaikum, walimu wangu na ndugu waamuzi.

Nina mwaka mmoja tangu nianze kuchezesha mpira wa vikapu. Michezo mingi ninayopewa ni ya vijana, kwenye uwanja wa saruji ulio karibu na bahari hapa Malindi, ambao mistari yake imefifia na mchanga hauishi kuingia hata ukifagiliwa asubuhi. Huwa tunachezesha marefa wawili.

Jumamosi iliyopita, zikiwa zimesalia sekunde chache na timu moja ikiwa nyuma kwa alama mbili, mchezaji wao alipewa mitupo miwili. Wa kwanza uliingia. Wa pili uligonga ringi ukatoka, mlinzi akaudaka, na papo hapo benchi la wapinzani wake likasimama lote kulalamika kwamba mlinzi huyo aliingia ndani ya kisanduku, yaani lile eneo la mstatili lililo mbele ya kikapu, kabla mpira haujatoka mkononi mwa mpigaji. Nilimtazama mwenzangu, naye akanitazama mimi. Sote wawili tulikuwa tumeufuata mpira kwa macho, na hakuna aliyeiona miguu ya mtu.

Kanuni nimezisoma, na adhabu nazijua. Kinachonitatiza ni mgawanyo wa kazi: nani asimame wapi, na nani atazame nini? Aidha, msimu huu wa kusi wako wapigaji wanaoushika mpira wakingoja upepo upoe. Je, sekunde tano anazopewa mpigaji kuutupa mpira zahesabiwa vipi katika hali hiyo?

Refa wa Siku Nyingi, Lamu

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Usijione peke yako, kwani macho ya kila binadamu hupenda kuufuata mpira, na refa hana budi kuyafunza macho yake yaukatae.

Ninapowafundisha vijana huku Lamu, hupanga vikombe vya kahawa juu ya baraza. Vikombe vitano ndio wachezaji wanaoruhusiwa kujipanga kando ya kisanduku kugombea mpira, yaani walinzi watatu na washambuliaji wawili, na nafasi mbili zilizo karibu kabisa na kikapu ni za walinzi, mmoja kila upande. Kikombe cha sita ndicho mpigaji, aliye nyuma ya mstari wa mtupo, ulio mita 5.80 kutoka mstari wa mwisho. Waliobaki wote hukaa nyuma ya mstari huo wa mtupo uliorefushwa kwa mawazo hadi pembeni, na nyuma ya mstari wa alama tatu, hadi mtupo umalizike.

Refa wa mbele ndiye anayeendesha mitupo yote. Huingia ndani ya kisanduku na mpira, huhakikisha kwamba mpigaji ndiye anayestahili kupiga, huonyesha kwa vidole idadi ya mitupo, kisha humpa mpigaji mpira kwa kuudundisha mara moja. Baada ya hapo hurudi nje ya mstari wa mwisho, kando ya kikapu. Refa wa nyuma husimama usawa wa mstari wa mtupo, karibu na mstari wa alama tatu, upande ulio mshazari na mwenzake.

Sasa zingatia hili, kwa sababu ndilo lililowaponyoka Jumamosi: kila refa hutazama safu iliyo upande wa pili wa kisanduku, si ile iliyo karibu naye. Ukitazama safu ya karibu, mgongo wa mchezaji mmoja huwafunika wenzake, ilhali safu ya mbali huiona yote kwa mara moja, pamoja na vidole vya miguu vinavyougusa mstari. Refa wa mbele hana kazi nyingine wakati huo, wala hahitaji kujua kama mpira umeingia. Kazi ya mpira ni ya refa wa nyuma: yeye humtazama mpigaji na miguu yake, huhesabu sekunde tano, huhakikisha kwamba mpira umegusa ringi, na papo hapo huilinda safu yake ya mbali. Mzigo wake ni mzito zaidi, na kwa hiyo mwenzake akiuinua uso kuutazama mpira, safu moja hubaki bila wa kuitazama.

Kuhusu upepo, sekunde tano huanza mpira unapokuwa mikononi mwa mpigaji, na hazimsubiri kusi wala kaskazi. Lakini refa wa mbele asiutoe mpira ilhali mpigaji bado anajifuta jasho au wachezaji wanasukumana kwenye nafasi zao. Utulivu wote upatikane kabla ya mpira kutoka mkononi mwa refa.

Karani wa Meza

Naomba kuongeza neno moja kwa niaba yetu sisi tunaokaa mezani. Refa wa nyuma naye aonyeshe idadi ya mitupo: kidole kimoja kwa mtupo mmoja, viganja viwili vyenye vidole vilivyoshikamana kwa mitupo miwili, na vidole vitatu kwa kila mkono kwa mitatu. Aidha, mtupo wa mwisho ukikosa, saa haianzi mpira unapogonga ringi, bali mchezaji aliye uwanjani anapougusa. Mkono wa refa ulio wazi hewani, unaoshuka wakati huo huo, hutuokoa na ugomvi mwingi, hasa zikisalia sekunde mbili au tatu kama katika mchezo wenu.

Mwanagenzi wa Malindi

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwenzangu, naye anadai kwamba hata mshambuliaji aliyesimama karibu na mlinzi yule aliingia mapema. Kama tungewaona wote wawili, tungeamua nini?

Refa wa Siku Nyingi, Lamu

Kama ni mlinzi peke yake, na mtupo umekosa, mpigaji angerudia. Kama ni mshambuliaji peke yake, wapinzani wangepewa mpira waurushe kutoka pembeni, usawa wa mstari wa mtupo. Wakikosea wa timu zote mbili katika mtupo wa mwisho uliokosa, huwa ni hali ya mpira wa kurushwa juu, na mshale ulio mezani, unaoonyesha zamu ni ya timu gani, ndio unaoamua nani apewe mpira. Mtupo ungeingia, makosa ya hao wote yasingehesabiwa na alama ingebaki. Ni kosa la mpigaji mwenyewe tu linaloifuta.

Kwa ulivyoeleza, mlifanya sawa kutopuliza kipenga, kwa maana hamkuona, na kelele za benchi si ushahidi. Kabla ya mchezo ujao, ingieni uwanjani mapema na chaki, muichore upya mistari ya kisanduku pande zote mbili, kisha kila mmoja wenu asimame mahali pake amuonyeshe mwenzake kwa kidole safu atakayoitazama.