Mume wangu alikaa Marekani bila karatasi, alafu 2022 akajaziwa fomu vibaya. I-130, fomu ya kumuombea mume, nianzie wapi?

Bint Kisauni, Dallas:

Asalam alekum jamani, naomba munisome mpaka mwisho, stori ni ndefu na nimechoka kukaa nayo moyoni peke yangu.

Mimi ni raia wa Marekani tangu 2021, naishi na mamangu mzazi ambaye yuko kwa dayalisisi mara 3 kwa wiki. Disemba 2023 niliolewa Mombasa, nikah ikafungwa nyumbani kwetu na cheti tunacho. Sasa nataka kumuombea mume wangu viza aje, lakini huyu si mtu ambaye hajawahi kufika huku. Aliingia Agosti 2013 na viza ya mwanafunzi F-1, 2015 karo ikamshinda akaacha shule akawa anafanya kazi kichinichini. 2016 akaoa dada mmoja Mmarekani, wakapeleka I-130 na I-485 (ile ya kuomba green card ukiwa ndani ya Marekani) pamoja, 2017 wakakosana na yule dada akaondoa ombi lake, na Februari 2018 ikaja barua ya kukataliwa. Novemba mwaka huo huo babake akafariki, akapanda ndege kwa tiketi yake mwenyewe akaenda kuzika, hakurudi tena. Talaka ya mahakama ya Texas ilitoka Machi 2020.

Kisha kuna hili ambalo kaniambia juzi tu, na sijalala vizuri tangu anambie. 2022 aliomba viza ya kutembea, fomu akajaziwa saiba pale mjini, na pale wanapouliza kama kuna mtu yeyote aliwahi kukuombea uhamiaji kijana akaweka HAPANA. Wakamnyima viza. Kuna ajenti anataka shilingi laki mbili na nusu ati asafishe faili. Je, ile miaka 10 ya kufungiwa kuingia Marekani inamhusu? Na hilo swali la saiba nilinyamazie ama niliseme?

Mzee wa Kilindini:

Pole sana bibie. Kwa ninavyojua mimi mtu akizidisha mwaka mmoja bila karatasi kisha akatoka, anafungiwa miaka 10. Huyo alikaa tangu 2015 hadi 2018, hiyo ni miaka mitatu. Mngoje mpaka 2028 ndio muombe, msiharibu pesa.

Shemeji Minnesota:

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo naomba nikukosoe kwa heshima kwa sababu huyu dada akingoja mpaka 2028 atakuwa amengojea kitu ambacho hakipo.

Sheria ni kwamba ukikusanya zaidi ya siku 180 za kukaa bila kibali lakini chini ya mwaka, kisha ukatoka, unafungiwa miaka 3, na ukifika mwaka mzima ama zaidi ndio miaka 10. Hiyo uko sawa. Lakini dada, mwanafunzi wa F-1 hapewi tarehe ya mwisho kwenye I-94, ile rekodi ya kuingia Marekani, huandikiwa D/S, yani muda wote wa masomo. Akiacha shule amevunja masharti ndio, lakini zile siku za kumfungia hazianzi kuhesabika zenyewe. Huanza pale uhamiaji wanapoamua ombi lake na kuandika kwamba alivunja masharti, ama jaji wa uhamiaji akiamuru. 2018 walijaribu kubadilisha hii wahesabu tangu siku mtu alipoacha shule, kesi ikaenda mahakamani na 2020 ikazuiwa kabisa.

Kwa hivyo miaka ya 2015 hadi 2018 iondoe kichwani. Inayobaki ni ile barua ya Februari 2018, tafuta hiyo barua uisome neno kwa neno, kama ndani wameandika kwamba alivunja masharti ya F-1 basi hesabu inaanza siku iliyofuata. Na hata ikianza, Februari mpaka Novemba ni kama miezi 9. Hiyo ni miaka 3, na miaka 3 kutoka Novemba 2018 iliisha Novemba 2021! Tarehe ya kutoka muithibitishe kwa muhuri wa kuingia Kenya kwenye pasi yake ya zamani, huku Marekani hawagongi muhuri mtu akitoka. Ile pasi asiitupe.

Ninachokiogopea mimi ni kitu chengine. Baada ya I-485 kukataliwa, mtu anaweza kutumiwa wito wa mahakama ya uhamiaji kwenye anwani ya zamani, yeye hajui, asipotokea jaji anaandika amri ya kuondolewa akiwa hayupo. Angalia kwenye mfumo wa mahakama za uhamiaji wa intaneti, unaingiza A-namba yake, yani namba ya faili lake la uhamiaji yenye tarakimu 9, dakika mbili tu unaona kama kuna kesi. Ikiwepo amri, hesabu yote niliyokupa hapo juu inabadilika na mutahitaji ruhusa nyengine ya I-212, ya kuomba kurudi baada ya amri ya kuondolewa. Pia aombe faili lake zima USCIS, idara ya uhamiaji, kwa FOIA, yani ombi la kupewa nakala za rekodi za serikali, ni bure, afanye kabla hujatuma hata karatasi moja.

Na huyo ajenti msimpe hata ndururu, hakuna binadamu anayesafisha faili.

Mama Swafiya:

Dada nimesoma yako nikakumbuka yangu, mimi pia wangu alikuwa na ombi la mke wa kwanza.

Hilo la saiba liseme. Nyote wawili museme, tangu mwanzo, kwa maneno yale yale. I-130 yenyewe inauliza kama kuna mtu mwengine aliwahi kumuombea, na DS-260, fomu ya viza ya uhamiaji, itamuuliza kuhusu wake wa zamani na viza alizowahi kunyimwa, na uhamiaji wanalo ombi la 2016 kwenye faili lao, sasa ukinyamaza unageuza kosa moja kuwa mawili. Kuhusu ile HAPANA ya 2022, tafuta ile karatasi aliyopewa siku aliyonyimwa, kama imeandikwa 214(b) peke yake maana yake siku ile hawakumhukumu kwa uongo, walisema tu hakuwaridhisha kwamba atarudi. Lakini ofisa wa ubalozi wa Marekani Nairobi bado anaweza kuliibua kwenye intavyuu. Akiamua ni uongo wa makusudi, hiyo haina miaka 3 wala 10, ni ya maisha, mpaka upate msamaha wa I-601. Mumeo aandike mwenyewe ilikuwaje, kama alisomewa lile swali ama hakusomewa, na asimtwike yule kijana kila kitu kwa sababu sahihi ni yake.

I-601 huwezi kuituma sasa, unangoja mpaka Nairobi waseme hapana kwanza. Ada ilikuwa dola 1,050. Lakini ushahidi kusanya leo. Wanaangalia shida kubwa inayokupata WEWE raia akikosekana yeye, na pia shida ukilazimika kuhamia kwake. Hapo mamako ndio moyo wa kesi yako: ripoti za daktari, ratiba ya dayalisisi, nani anampeleka, ukienda Mombasa nani atabaki naye. Mimi niliandika barua kurasa 6 nikilia.

Na sasa lile gumu. Ndoa ya kwanza wakisema ilikuwa ya karatasi tu, basi ombi lako halipiti na hakuna msamaha kabisa. Yule dada kuondoa ombi peke yake si ushahidi wa uongo, lakini hujui aliandika nini alipoondoa, na ndio maana FOIA ije kwanza. Kwa hivyo utatafuta dalili kwamba waliishi kama mke na mume kweli: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki ya pamoja, bili, picha. Nilikaa usiku mezani nikipanga picha za mume wangu na mke mwenzangu wa zamani kwa tarehe, wanacheka, wamekumbatiana, na mimi ndio naziandikia maelezo kwa nyuma. Iliniuma wallahi. Lakini ndizo zilizotuvusha.

Talaka ya Machi 2020 ni kabla ya nikah yenu, hapo mko salama, muweke nakala yenye muhuri wa mahakama. Na tafuteni wakili mwenye leseni mukishapata faili, hii si ya kujaza peke yako.

Bint Kisauni, Dallas:

Nimesoma zote mara mbili, Mungu awalipe, na wewe Mzee wa Kilindini pia asante kwa kunijali.

Nimempigia sa hii. A-namba anayo kwa simu, tumeingiza pamoja, mfumo unasema hakuna kesi yoyote kwa namba hiyo. Nimekaa chini nikavuta pumzi. FOIA ataituma kesho mwenyewe na sahihi yake. Barua ya 2018 iko kwenye sanduku aliloacha kwa rafiki yake Irving, nusu saa kutoka kwangu, na ndani ya sanduku hilo hilo anasema ziko na picha za harusi ile. Jumamosi nikimrudisha mama kutoka dayalisisi nitaenda kulichukua.