Pacha mmoja anafungua kila chenye skrubu: roboti, tableti au bisibisi?

MamaPacha: Habari zenu wakuu. Nina pacha wa miaka mitano. Mmoja hana habari na vyombo. Mwenzake akiona skrubu tu hatulii mpaka ajue ndani kuna nini. Saa ya mezani imekwenda, juzi tochi. Baba yao anataka tumnunulie roboti ya kuunganisha, rafiki yangu anasema tableti. Tuanzie wapi? Na usalama je?

FundiRedio: Dada, huyo keshaanza, msimkatize tu. Nimetengeneza redio miaka mingi na wanangu wamekulia mezani pangu, basi nisikilize.

Anza na tochi hiyohiyo. Mpe betri mbili za AA (volti 1.5 kila moja, zikifuatana ni 3), taa moja ndogo nyeupe ya LED (ile yenye miguu miwili ya waya) na waya zenye vibanio. Chagua nyeupe kwa sababu nyekundu inataka volti 2 hivi, itaungua upesi. Ule mguu mrefu wa taa ndio wa upande chanya, lakini usimwambie! Akigeuza haiwaki, na kwa volti hizo haiharibiki. Mwache ahangaike.

Akizoea, kandeni unga wa ngano kwa maji na chumvi nyingi. Donge hilo linapitisha umeme. Weka madonge mawili yasiyogusana, mguu mmoja wa taa kila donge, waya moja kila donge. Hapa tumia betri nne, maana unga unapunguza nguvu. Ila sasa taa isiguse waya za betri moja kwa moja. Madonge yakigusana, taa inazimika, na hapo jiandae kwa maswali.

Usalama: chanya na hasi zisiunganishwe bila taa kati, betri inapata moto. Zile betri bapa kama kifungo zifiche kabisa. Ikimezwa inaweza kuchoma umio ndani ya saa 2, ni kukimbilia hospitali. Chaja, maikrowevu na televisheni za zamani asifungue hata zikiwa zimechomolewa, ndani hubaki chaji.

MwalimuAwali: Fundi kamaliza umeme. Kuhusu tableti, kuna ScratchJr, programu ya kumzoesha mtoto kuipa kompyuta amri. Ni ya bure, imekusudiwa miaka 5 hadi 7, na mtoto hupanga vipande vya picha, hahitaji kujua kusoma. Lakini kabla ya hapo chezeni kasa. Lugha ya kuamuru kompyuta iitwayo Logo, ya mwaka 1967, ambayo mtaalamu wa hisabati na kompyuta Seymour Papert alishiriki kuibuni, baadaye ilipewa roboti iliyoitwa kasa, ikachora sakafuni kwa kufuata amri. Pacha mmoja awe kasa, mwingine aamuru: mbele hatua tatu, geuka kulia. Kasa afuate neno kwa neno, hata akigonga kochi.

MamaPacha: Mwalimu, yule asiyejali skrubu ndiye kageuka kamanda, hataki kushuka! Fundi, wa taa akikwama analia. Nimsaidie?

FundiRedio: Mikono nyuma, dada. Muulize, "Umeme unatoka wapi, unakwenda wapi?" Afuatishe waya kwa kidole. Akichoka kweli, acheni mpaka kesho, lakini usiimalizie akiwa amelala, watoto wanajua. Roboti shemeji aisubirishe kidogo. Akiinunua, achague ya skrubu. Ya gundi itafunguliwa kwa nyundo.