Mjadala: Je, fedha ya mwanamuziki ianze kwenye klipu au kwenye wimbo?

Ndugu zangu wapenda muziki wa Lubumbashi, swali hili limetugawa kwa muda mrefu. Wengi wanashikilia kwamba siku hizi wimbo usio na klipu, yaani video yake, hausikiki, kwa hiyo kijana anayeanza atafute kwanza fedha ya picha, na mengine yatafuata. Mfano wanaopenda kuutoa ni "Sledgehammer", wimbo wa mwaka 1986 wa Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza aliyeliacha kundi la Genesis mwaka 1975. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, na klipu yake, iliyoongozwa na Stephen R. Johnson, ilizoa tuzo 9 za MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, mwaka 1987. Wanasema klipu ndiyo iliyoubeba. Mimi naona mfano huo unawapinga wao wenyewe.

Tazameni klipu ile imetengenezwa kwa nini. Hamna gari la kifahari wala jumba la kukodi. Kuna uso wa mwimbaji uliopakwa rangi ya anga na mawingu, gari-moshi dogo la kuchezea linalokizunguka kichwa chake, matunda yanayojipanga hadi yakawa uso wa mtu, kichwa cha udongo kinachobadilika umbo, na kuku wawili walionyonyolewa wanaocheza dansi. Kazi ilikuwa kupiga picha moja, kusogeza kitu kidogo sana, kisha kupiga nyingine. Na kwa kuwa filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, mtu anaweza kukisia dakika moja tu inadai kazi kiasi gani. Gabriel alilala chini ya kioo kwa saa 16 huku vitu vikipangwa juu yake. Najua mtanijibu kwamba nyuma yake kulikuwa na kampuni na mafundi wa Aardman, studio ya filamu za vikaragosi, na ni kweli. Lakini fedha ile ilinunua saa za watu wenye ujuzi, haikununua vitu vya kujionyesha.

Tena, kabla ya picha kulikuwa na wimbo uliokamilika. Gabriel alikuwa amemwona Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, jukwaani London mwaka 1966, na alipotaka wimbo wenye roho ile, tarumbeta ilipigwa na Wayne Jackson, ambaye alikuwa amempigia Redding mwenyewe. Fumbeni macho mkausikilize: besi ya Tony Levin na ngoma za Manu Katché zinatosha kabisa.

Sasa linganisheni na yanayotendeka katika studio zetu za mtaani. Kijana anafika na fedha yake ndogo, anarekodi sauti mara moja tu, na gita linawekwa kwa kinanda cha kompyuta kwa sababu mpiga gita anadai malipo, maana fedha iliyobaki imewekewa gari la kukodi kwa siku moja na nguo za kuazima. Klipu inapotoka, midomo haiendi pamoja na maneno, na gari lile lile tunaliona tena katika klipu ya mwimbaji mwingine. Hili linaniuma, kwa sababu tuko Katanga, alikotoka mpiga gita Jean-Bosco Mwenda. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mwaka 1952 huko Likasi, mji ulioitwa wakati huo Jadotville, Mwenda na gita lake walitosha, na wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka hadi wapiga gita wa Kenya wakajifunza vidole vyake.

Wenzangu wanapinga kwamba zama zimebadilika, kwamba sasa kila mtu anatazama simu. Si kila mtu. Megabaiti ni ghali, na ndani ya mabasi madogo yanayokwenda mitaa ya Katuba au Ruashi abiria hawaoni picha yoyote. Wanasikia sauti tu, na wimbo mbovu dereva anauruka.

Sisemi klipu iachwe. Mji huu haujawahi kukosa watu wa picha: Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya Kongo katika miaka ya 1970, na michoro ya mamba muntu, yaani nguva, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ilitundikwa katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Na vitu vya kupigia picha tunavyo: tuna udongo wa vichuguu tunaofyatulia matofali, tuna shaba, tuna lundo jeusi la mabaki ya madini la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, linaloonekana toka mbali. Ningemlipa mpiga gita na muda wa kutosha wa studio kwanza, kisha kilichobaki kilipe mchoraji na mpiga picha mwenye subira.

Ninyi mnaosema klipu kwanza, tuelezeni kwa hesabu: kijana mwenye dola mia tano tu mfukoni, gari na nguo mnazipangia ngapi, na mpiga gita mnambakishia ngapi?